Joto Chini ya Zulia

Mtu akiniuliza Saudia kulikuwaje, humwambia kulikuwa na baridi. Watu hucheka. Wamesikia habari za mchanga na jua la kubabua ngozi, wanadhani nawatania. Siwatanii. Riyadh ina baridi yake, kavu, ya kupita chini ya mlango na kukupasua visigino, na ukikanyaga marumaru alfajiri bila soksi unaweza kusahau jina lako. Nilipitisha huko msimu mmoja tu wa baridi na ukanitosha.

Nilianzia Jeddah. Nyumba ilikuwa Al-Hamra, karibu na bahari, na baridi pekee niliyoijua huko ni ya kiyoyozi, ambacho madam alikiwasha mwaka mzima hata tukawa tunavaa sweta ndani huku nje watu wanatiririka jasho. Familia haikuwa kubwa. Baba, ndiye kafili wangu, yaani mdhamini wangu wa kazi, alikuwa mhandisi mwenye mvi za mapema na tabia ya kukueleza mambo hata kama hujamuuliza. Madam, mkewe, alikuwa mtu wa utaratibu, kila kitu na siku yake. Watoto wao walikuwa ng'ambo wanasoma. Na alikuwepo mama yake baba, kizee mwembamba ambaye sisi wafanyakazi tulimwita mama kabira, yaani mama mkubwa. Huyo ndiye aliyekuwa kazi yangu hasa. Nilimwogesha, nilimvisha, nilimkanda magoti, nilinywa naye ile kahawa yao ya manjano yenye iliki hadi nikaizoea. Alizaliwa Ruwais, hapo hapo Jeddah, kwenye nyumba za zamani za pwani, na maisha yake yote nguo zake zilikuwa na unyevu wa bahari. Baridi kwake ilikuwa habari za watu wengine.

Sisi wafanyakazi tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa dereva, Mkenya, mtu wa Magharibi, mwenye mdomo usiotulia. Yeye ndiye niliyeongea naye Kiswahili, na bila yeye nadhani ningekuwa bubu.

Miaka yangu miwili ya mkataba ilipokaribia kwisha, baba akapata kazi Riyadh na nyumba nzima ikahama. Mama kabira hakuulizwa kama anataka. Mimi pia sikuulizwa, lakini mimi ikama yangu, kile kibali cha kuishi, ilikuwa mkononi mwa mtu na yeye alikuwa mama mzazi wa mwenye nyumba, kwa hiyo yeye alinuna njia nzima na mimi nikanyamaza.

Nyumba ya Riyadh ilikuwa mpya kabisa, bado inanuka rangi, na baba aliipenda kwa sababu ya kitu kimoja ambacho hakikuonekana. Chini ya vigae, vyumba vyote vya chini, alikuwa amelaza paipu nyembamba zilizojikunja huku na huku. Alisoma ujana wake katika nchi ya theluji, na huko aliona nyumba zinazopashwa joto kutoka ardhini, na tangu hapo akaweka nadhiri kwamba nyumba yake mwenyewe itakuwa hivyo. Siku moja nikiwa napiga deki alinisimamisha na ndoo yangu akanieleza yote. Ukienda chini sana, alisema, ardhi haijui kiangazi wala baridi, joto lake ni lile lile. Unachimba visima, unateremsha paipu, maji yanazunguka na kupanda na uvuguvugu, pampu inaukusanya uvuguvugu huo na kuuzidisha, kisha inausukuma chini ya vigae.

"Ni friji iliyogeuzwa," akasema. "Friji inatoa joto kwenye nyama na kulitupa mgongoni kwake. Hii itatoa joto ardhini na kulitupa miguuni mwetu."

Nikamwambia, kwa Kiarabu changu cha jikoni, kwamba kwetu joto linatoka ardhini lenyewe, mafi mashine, hakuna mashine. Alidhani sijamwelewa. Nikaweka ndoo chini nikamweleza na mimi.

Kwetu ni Eburru, juu ya Naivasha, milima yenye baridi ya kuuma, na mvuke unatoka ardhini mchana na usiku. Hatuna mto. Watu huchomeka bomba kwenye ufa unaotoa mvuke, mvuke unapoa ndani ya bomba, na maji yanadondoka kwenye pipa, tone baada ya tone. Hayo ndiyo tunayokunywa. Nyumba ya mama yangu ilijengwa na marehemu babu mahali ambapo ardhi ni ya uvuguvugu, na sakafu ilikuwa ya udongo uliokandikwa vizuri, na kwenye pembe ya upande wa mlima ilikuwa na joto la kutosha kuchachusha uji. Hapo ndipo mama alikaa kila jioni, miguu ameinyosha, kitambaa kimeshuka mabegani. Mgeni akiingia alivua viatu, na haikuwa kwa ajili ya usafi. Alivua ili apashe nyayo, na akishakaa hapo haondoki mapema. Mama alikuwa akisema majirani wanakuja kuisalimia sakafu, si yeye.

Baba alifurahi kama mtoto. Akaniuliza maswali mengi, mengine sikuweza kuyajibu, na jioni nikamsikia akimsimulia madam habari za wanawake wa Kenya wanaokunywa mvuke.

Wiki hizo hizo kaka yangu akanipigia simu. Mama alikuwa anaumwa. Kifua kilikuwa kinambana na miguu ilikuwa imeanza kuvimba, na daktari wa Naivasha alikuwa amesema mambo ambayo kaka hakutaka kuyasema kwenye simu. "Ukiweza kuja, kuja," akaniambia. Kaka yangu si mtu wa kuomba. Aliposema hivyo nilielewa.

Nikaenda kwa baba siku hiyo hiyo. Nilimwambia mkataba wangu umekwisha, mama yangu mgonjwa, naomba exit, ile ruhusa ya kutoka nchini, niende nyumbani. Hakukataa. Ningependa kusema alikuwa mkatili, ingekuwa rahisi zaidi kusimulia, lakini alinisikiliza amesimama na akasema pole mara nyingi. Kisha akamtaja mama yake. Alikuwa hajawahi kukaa kwenye baridi, magoti yake mabovu, na hakubali mtu mwingine amguse. Baridi iko mlangoni. "Nyumba ikipata joto na mama akatulia, utakwenda. Pampu inawashwa mwezi huu. Nakuahidi mbele ya Mungu."

Basi hapo ndipo maisha yangu yakafungwa kwenye pampu. Pampu ikifanya kazi, mama kabira atapata joto. Akipata joto, nitaenda nyumbani. Nikienda mapema, nitamkuta mama. Nililiweka hivyo kichwani, na kila nilichofanya nilikifanya kwa ajili ya hilo.

Mashine ya kuchimba ilikuja na ikageuza ua kuwa matope. Kelele zake zilitikisa vikombe kabatini. Dereva alisimama kwenye mlango wa gereji akatazama tope la kijivu likimwagika.

"Unajua hawa wanatafuta mafuta, si joto," akasema. "Wakipata, sisi ndio mashahidi. Hatutoki hapa maskini."

"Wewe utatoka hapa na kifua kikuu kwa hiyo vumbi," nikamwambia.

"Na wewe unaomba Mungu gani? Kila saa uko kwa dirisha unaangalia hiyo shimo."

Nikamwambia namwomba Mungu wa mashimo. Alicheka. Mimi nilikuwa nasema kweli.

Ijumaa moja alinipeleka Batha, kwenye lile soko la wageni wa kila taifa ambapo unapata chochote. Kaka alikuwa amesema mama analalamika baridi. Nikamnunulia zulia. Lilikuwa jekundu, lenye maua ya dhahabu pembeni, nene, na mgongoni lina sponji ya kukata baridi ya chini. Muuzaji alilikunja na kulikunjua mara tatu ili nione unene wake. Dereva alilibeba begani akipiga kelele watu wampishe, kama amebeba bwana harusi, hadi kwa wale watu wa kargo wanaosafirisha mizigo Nairobi. Niliporudi garini nilijisikia nimefanya kitu. Katika msimu wote ule, hiyo ndiyo siku moja ninayokumbuka nikiwa na furaha.

Baridi ikaingia kabla ya pampu. Kulikuwa na kifaa fulani kilichochelewa bandarini, halafu fundi fulani aliyesafiri. Siku ya kwanza ambayo pumzi zetu zilionekana hewani, madam alisema yalla, mazulia. Huko ndivyo ilivyo. Kiangazi marumaru inaachwa wazi ipoze nyumba, na baridi ikibisha hodi mazulia yanatolewa stoo na kutandikwa kutoka ukuta hadi ukuta, vyumba vyote, hata ngazini. Hakuna anayejiuliza, kama usivyojiuliza kwa nini unafunga mlango mvua ikinyesha. Mimi na dereva tulifanya kazi hiyo kutwa. Tuliyakung'uta uani, tukayafukiza udi ili harufu ya dawa ya nondo itoke, tukayavuta hadi yakakaa bila kunyanzi. Madam alitembea juu yake akaridhika. Chumba cha mama kabira nilitandika mawili, moja juu ya jingine, na juu yake godoro la sponji la kukalia.

Ndipo pampu ikawashwa. Ilikuwa kwenye chumba kidogo karibu na ukumbi wa kufulia, sanduku la chuma refu kuliko mimi, likinguruma taratibu. Baba aliwaalika ndugu zake wawili waje kushuhudia. Walikaa sebuleni kwenye mazulia, wakanywa kahawa, wakangoja. Baba alikuwa akigusa zulia kwa kiganja kila baada ya muda. Hatimaye ndugu zake waliaga na majoho yao ya manyoya hawakuyavua hata mara moja.

Mafundi wakaja. Ni wanaume wageni, kwa hiyo hawakupita ndani kwa familia. Walipitia mlango wa nyuma hadi kwenye chumba cha mashine, wakapima maji ya paipu, yakawa ya moto sawasawa. Wakasema mashine nzima, paipu nzima, hakuna kinachovuja. Nyumba ni kubwa, sakafu ni nzito, ipewe siku. Tukaipa siku. Mafundi wakaitwa tena, wakapima tena pale pale, wakasema yale yale. Baba akaongeza moto. Akaanza kukosa usingizi, unaona machoni. Madam alinunua hita za umeme akaziweka vyumbani bila kumwambia, naye akaziona akazipita, na nilimwonea huruma kidogo.

Mama kabira alikuwa anatetemeka. Alikaa kwenye godoro lake amejifunika blanketi tatu, pua nyekundu, akiilaani Riyadh na aliyeijenga. Asubuhi nilimkuta vidole vya miguu vimekufa ganzi, nikavisugua hadi vikarudi. Nikamwongezea zulia la tatu. Nilitaka apate joto kuliko alivyotaka mwenyewe.

Chumba changu kilikuwa juu ya paa, ambako hapakuwa na paipu yoyote, na mimi pia niliamka na ganzi. Ilianzia vidoleni. Baadaye sikujua imeishia wapi. Kaka alipopiga simu kusema mama hawezi tena kwenda chooni peke yake, nilimsikiliza hadi mwisho, nikamuuliza kama zulia limefika, akasema limefika, limependeza, majirani wote wamekuja kuliona. Nikasema vizuri. Nilikata simu nikaenda kukunja soksi. Nilizikunja zote, na nilipomaliza nilijaribu kulia kwa sababu niliona ndiyo saa yake, na haikuja.

Nilimwendea baba tena. Alikuwa chini, mbele ya mashine, ameshika karatasi za maelekezo.

"Baba, mama yangu."

"Joto bado," akasema bila kuinuka. "Unaona mwenyewe. Bado kidogo tu."

Nilimchukia wakati huo. Nilimchukia kwa upole wake, kwa sababu mtu mpole huwezi kumpigia kelele. Nikarudi kazini.

Mahali pekee ambapo nilijisikia mtu ni ukumbi wa kufulia. Palikuwa na vigae vitupu, maana hakuna anayetandika zulia kwenye maji na sabuni, na palikuwa na joto. Nilidhani ni la mashine, kwa kuwa ilikuwa nyuma ya ukuta huo. Nilikaa chini, mgongo ukutani, nikala chakula changu, nikapiga pasi, nikapanga nguo, na nyayo zangu zikafunguka kidogo. Sikuwa na sababu ya kufikiri zaidi. Nyuma ya friji pia pana joto na hakuna anayeshangaa.

Asubuhi moja nilimwacha mama kabira na kahawa yake nikaenda kufua. Sikumsikia akija. Nilipogeuka alikuwa mlangoni, ameshika ukuta, miguu mitupu kwa sababu alikuwa amekataa soksi. Alikanyaga kigae cha kwanza akasimama. Akakanyaga cha pili. Kisha, mwanamke ambaye kwa kawaida nilimketisha kwa kumshika makwapa, akajishusha mwenyewe hadi chini, kati ya rundo la shuka na ndoo, akanyosha miguu yake mbele.

"Dafi," akasema. Ina joto.

Nilimwambia mama kabira, hapa pachafu, twende. Akanipiga mkono kwa mgongo wa kiganja, si kwa nguvu. Akaegemea ukuta akafumba macho. Nikaona miguu yake iliyovimba kwenye vifundo, imenyooka juu ya sakafu, na kitambaa kimemshuka mabegani, na nikageuka haraka nikaendelea na kufua.

Madam alipomkuta hapo alipiga ukelele. Mama mkwe kwenye nguo chafu, watu watasemaje! Alinitazama mimi kana kwamba nimembeba nikamtupa pale. Akamwita mumewe. Baba akaja mbio, akidhani ameanguka.

"Sijaanguka," mama kabira akamwambia. "Nimepata nyumba yako. Ile ya joto uliyoniahidi. Kumbe umeijenga huku kwa kijakazi."

Baba alisimama. Akavua viatu, kisha soksi, moja moja, ameegemea fremu ya mlango. Akakanyaga vigae. Akarudi nyuma akakanyaga zulia la korido. Akakanyaga tena vigae. Kisha akapiga magoti pale kizingitini, akashika ukingo wa zulia ambalo mimi na dereva tulilivuta kwa jasho letu, akalibetua na kuingiza mkono wake wote chini yake hadi kiwikoni. Akakaa hivyo kwa muda. Mabega yake yakaanza kutikisika na nikaogopa kwamba analia. Alikuwa anacheka.

"Liko hapa," akamwambia mkewe. "Lote liko hapa. Tumelifunika!"

Mtu aliyesoma kwenye theluji, mafundi na vipimo vyao, madam na utaratibu wake, mimi niliyelelewa juu ya ardhi ya moto. Wote tuliona zulia na wote tukaona ni sawa. Sijilaumu na simlaumu yeyote. Baridi ikija unatandika.

Tulianza kukunja siku hiyo hiyo, mimi na dereva. Tulianzia chumba cha mama kabira, matatu yake, kisha sebule. Lilipotoka la sebuleni, joto lilipanda kutoka kwenye vigae kama la sufuria iliyofunuliwa, na dereva akavua kofia yake ya sufu akaitupa hewani.

"Sasa wewe unaenda nyumbani, dada," akasema. "Niletee ugali wa huko, hata kama umelala."

Simu yangu ikalia mfukoni. Nilijua ni nini kabla sijaishika. Kaka hakuzungusha maneno. Alisema mama ametuacha, asubuhi, akiwa usingizini. Nikasema sawa. Nikauliza ni nani yuko naye, akanitajia. Nikasema sawa tena.

Dereva aliniona usoni. "Keti," akasema. "Nitamalizia mimi."

"Tumalize kwanza."

"Wee, keti chini, mambo ya zulia wacha."

"Nimesema tumalize."

Tukamaliza. Nakumbuka nilikuwa bila viatu. Nakumbuka nyayo zangu zilikuwa na joto tele, joto zuri, la kutosha, na kutoka vifundoni kwenda juu sikusikia kitu chochote. Nilishika ncha yangu ya zulia, yeye akashika yake, tukakunja pamoja, tukabeba hadi stoo, tukarudi kuchukua jingine.

Mama kabira aliambiwa jioni. Aliniita chumbani kwake, ambako sasa alikaa kwenye vigae vitupu na mto mmoja tu, akapiga sakafu kando yake kwa kiganja nikae. Nikakaa. Hakusema maneno ya dini wala ya kufariji, aliniuliza tu mama yangu alikuwa anapenda kula nini. Nikamwambia viazi vya kuchoma. Akatikisa kichwa kwa muda mrefu kama mtu aliyepewa habari nzito.

Baba alitimiza ahadi yake. "Halas, nenda," akaniambia, macho chini. Lakini makaratasi hayajui msiba, yalikwenda kwa mwendo wao, na nilipotua Nairobi walikuwa wamekwisha kuzika. Walingoja walivyoweza. Dereva ndiye aliyenipeleka uwanja wa ndege kule Riyadh, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema chochote njia nzima, kisha akanibebea sanduku hadi mlango ambao wasiosafiri hawaruhusiwi kuvuka.

Nilifika Eburru mchana. Ukungu ulikuwa umeshuka ukachanganyika na mvuke, na mapipa yalikuwa yanadondokewa kama kawaida. Kaka alinipeleka kwanza kaburini, nikasimama hapo hadi nikaona ametosheka, kisha tukaingia nyumbani kwa mama.

Zulia langu la Batha lilikuwa limetandikwa ukuta hadi ukuta. Walikuwa wamelikata kidogo kwenye mlango ili likae sawa. Jekundu, maua ya dhahabu, kama jipya. Kitanda kilikuwa juu yake, viti juu yake, na nyumba ilikuwa na baridi. Kwenye pembe ile ya upande wa mlima zulia halikulala vizuri. Lilikuwa limejikunja juu, sponji imeonekana, na kunyanzi limekaa pale kama mahali palipokunjwa mara nyingi.

"Hapo palitushinda," kaka akasema. Aliona nikipatazama na akadhani ninakosoa kazi yake. "Ni mama. Kila asubuhi tunalitandaza, tunaweka jiwe, jioni tunakuta ametoka kitandani, amekunja hiyo pembe na amelala hapo chini kwa mchanga, na mkono ameupeleka chini ya zulia. Tunamrudisha kitandani. Kesho, vile vile. Tulidhani akili imeanza kumtoka. Tukamwambia, mama, hii zulia imetoka Saudia, si ya kukunjwa. Anasema najua, najua. Hakutaka tukuambie, alisema utadhani haipendi."

Nilivua viatu vyangu na soksi nilizovaa tangu Riyadh, nikaenda kwenye ile pembe, nikakanyaga udongo.

Ulikuwa na joto. Ulikuwa na joto lile lile.

Hapo ndipo nilipolia, nimesimama, hadi kaka akatoka nje kwa sababu hakujua la kufanya. Aliporudi alinikuta nimesogeza kitanda na viti, nimepiga magoti, nalikunja zulia kutoka kwenye pembe kwenda mlangoni, kunja vuta, kunja vuta, kama nilivyofundishwa na msimu ule. Akaniambia bado watu wanakuja kutoa pole, jioni watajaa, wataona udongo mtupu.

Nikamwambia watavua viatu.